Dosie ya Vidole Kumi na Saba

Mama Ciza, ambaye jina lake la ubatizo ni Generose, hakukalia benchi la shule hata siku moja. Baba yake alikuwa na pesa ya kusomesha watoto wanne, na alikuwa na wavulana wanne. Hesabu ikaishia hapo. Hata hivyo alijua kusoma. Herufi alizipata kwenye magunia. Wafanyabiashara wa Uvira, mji ulio kando ya ziwa, huandika majina yao kwa rangi nyeusi juu ya magunia ili yasichanganyike kwenye lori, na yeye, aliyeanza kushona midomo ya magunia akiwa msichana, akajifunza kulitambua jina la kila tajiri kabla ya kulijua jina lake mwenyewe kwa maandishi. Baadaye kanisa lilifungua darasa la watu wazima, akaenda misimu miwili ya kiangazi, akamaliza kilichobaki.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, na nyumba ya vyumba viwili mtaani Mulongwe. Mumewe alivuka kwenda ng'ambo kutafuta maisha. Maisha aliyapata, njia ya kurudi ndiyo iliyompotea. Mama Ciza hakulia sana. Alikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye depo ya Bwana Hyacinthe, tajiri wa maharage, mahindi na mchele. Kwa miaka kumi na minne, Mama Ciza ndiye aliyekuwa akipanda bonde la Ruzizi kununua. Alitia mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akajua kama chini kuna unyevu. Alitafuna harage moja kwa jino la pembeni, akajua limevunwa lini. Hyacinthe alikuwa akikaa Uvira kwenye kiti cha kuzunguka, na watu walisema, "Hyacinthe ana bahati, mali yake haiozi." Bahati! Bahati hiyo ilikuwa ikiamka saa kumi na moja alfajiri, ikivaa viatu vya mpira.

Kisha ikaja siku ambayo depo ilipata soko kubwa la kulisha kambi za wafanyakazi wa barabara. Hyacinthe akaona sasa anahitaji chef, yaani mkuu wa manunuzi, mtu wa kuvaa shati. Akamleta mpwa wake kutoka Bukavu. Mama Ciza alifika Jumatatu akakuta ufunguo wa stoo umeshabadilishwa. Hakuna aliyemwambia neno. Mwanamke akifanya kazi bila karatasi huitwa msaidizi. Mwanaume akikaa bila kazi kwenye kiti huitwa chef.

Tangu hapo alikuwa akiuza ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kandokando ya barabara. Na ndivyo alivyokuwa akipita Jumanne moja ya mwezi wa sita, beseni kichwani, Fadhila alipomwita.

Fadhila alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, wa familia za zamani za Waislamu wa mji, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi. Kila tangazo la kazi la Uvira lilibandikwa kwanza kwenye ukuta wake.

"Mama Ciza! Simama! Kazi yako iko kwenye ukuta!"

"Kazi yangu iko kwenye kichwa, huoni? Nunua ndagala ama uniache nipite."

"Tua kwanza beseni. Hii karatasi imeandikwa Kifaransa, lakini minye naona sura yako ndani." Fadhila akasoma akigeuza kwa Kiswahili. "Shirika linalopikia watoto wa shule za bonde linatafuta ajenti wa ugavi na manunuzi."

"Maana yake nini?"

"Muntu wa kununua chakula kwa wakulima, kukipima, kukisafirisha, na kukifikisha stoo bila kupungua."

Mama Ciza akatua beseni. "Hiyo iko kazi? Minye nilifikiri iko tu mateso yangu."

"Iko kazi, na iko na mshahara kila mwezi. Wanaomba diploma."

Mama Ciza akainama kuchukua beseni lake.

"Ngoja! Sijamaliza. Diploma, *ama* uzoefu wa miaka kumi unaothibitishwa kwa karatasi. Mwisho wa kupeleka dosie, faili lako la maombi, ni Ijumaa, saa sita ya mchana. Baada ya saa sita hawapokei hata dosie ya malaika."

Ndagala hawakuuzwa siku ile. Nzi ndio waliofaidi. Wawili wale walikaa kwenye kibanda mpaka jua likageuka, wakiandika CV, ile karatasi ya kueleza maisha ya mtu kwa mwajiri.

"Masomo?" Fadhila akauliza, vidole juu ya kompyuta.

"Andika hapana."

"CV haiandikwi hapana, Mama."

"Basi andika magunia."

Fadhila akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaandika: *Darasa la watu wazima, misimu miwili.* Kisha akauliza kuhusu kusimamia stoo.

"Mbona hiyo rahisi," akasema Mama Ciza. "Gunia lililoingia kwanza litoke kwanza. Usiweke mahindi chini bila mbao. Paka mmoja kwa stoo moja. Ukiweka wawili watapigana na panya watakula. Na fundi wa mizani usimpe chai kabla hajamaliza."

"Mama, hayo minye nilisomea miaka mitatu chuoni."

"Na paka walikufundisha?"

"Paka hawakutufundisha."

"Basi walikula pesa yako."

CV ikajaa ukurasa mmoja na nusu. Mama Ciza akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na alipofika mwisho akarudia tena toka mwanzo. Hakujua kama maisha yake yana urefu ule. Lakini Fadhila akamkumbusha: maneno hayo yote hayana maana bila karatasi ya kuthibitisha. Lazima Hyacinthe aandike kwamba alimfanyia kazi miaka kumi na minne.

Jumatano asubuhi Mama Ciza akavaa kitenge chake cha Pasaka akaenda depo. Hyacinthe alimpokea vizuri, akamwagizia soda, akamwuliza habari za watoto. Watu wabaya wengine wana adabu nzuri, ndiyo maana wanafika mbali.

"Karatasi?" akasema baada ya kusikiliza. "Mama Ciza, dada yangu, karatasi ya nini? Weye haukuwa mufanyakazi. Ulikuwa unatusaidia tu."

"Miaka kumi na minne, Bosi?"

"Hata ndugu wanasaidiana miaka. Liste ya mishahara iko pale kwenye kabati, fungua utafute jina lako. Minye nilikulipa mshahara siku gani?"

"Ulisema mshahara wangu ni nyongeza."

"Haya, umesema mwenyewe," akajibu Hyacinthe, akanyanyuka kumsindikiza mlangoni. "Nyongeza walikupa wakulima. Basi waombe wao karatasi."

Na hapa lazima tuseme nyongeza ni nini, kwa sababu mambo yote yanazunguka hapo. Bondeni, chakula hupimwa kwa gigozi, lile kopo la maziwa ya watoto. Muuzaji hujaza gigozi mpaka linafanya kilele, kisha gunia likishajaa, hushika tena konzi mbili au tatu na kumwagia mnunuzi kwenye kapu lake. Hiyo ndiyo nyongeza. Hailipiwi. Asiyeitoa ni mchoyo, na anayeikataa amemtukana muuzaji. Ni kama kumwambia, sitarudi kwako tena. Kwa miaka kumi na minne, Mama Ciza alijaza magunia ya Hyacinthe na kulisha watoto watatu kwa kapu la nyongeza. Aliyoyabakiza aliyauza akanunua mabati. Nyumba yake ya Mulongwe, ukiitazama vizuri, imeezekwa kwa konzi za maharage.

Alirudi kwa Fadhila akiwaka kama mkaa. Fadhila, ili kumtuliza, akasema wajizoeze maswali ya mtihani wa kazi. Akajikalisha wima, akavuta uso wa bosi.

"Mama Generose, muuzaji akikupa kitu juu ya ulichonunua, utafanya nini?"

"Nitasema aksanti."

Fadhila akaweka kalamu chini. "Hapo umeanguka, Mama. Wenyewe wanaita hiyo rushwa."

"Rushwa!" Mama Ciza akasimama, kibanda kikatikisika. "Rushwa inatembea usiku. Nyongeza inamwagwa mchana, mbele ya bantu! Weye mutoto wa juzi, unaniita mwizi?"

"Sikuiti mwizi. Nakuuliza tu. Gunia lilikuwa la nani?"

"La Hyacinthe."

"Kapu?"

"Langu."

"Sasa muuzaji akitaka umchague yeye, atajaza wapi zaidi? Gunia ama kapu?"

Mama Ciza akakaa. Aliwaona kichwani wauzaji wote wa bonde, mmoja mmoja. Aliwaona wenye mashamba makubwa, waliokuwa wakimmwagia konzi tano. Akawaona wajane wenye mistari miwili ya maharage, waliokuwa wakimmwagia konzi moja tu. Je, hakuwahi kuwapita wajane akaenda kwa wenye konzi tano? Aliwahi. Si mara nyingi, lakini aliwahi. Watoto walikuwa na njaa, na Hyacinthe alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka, amewaachia wakulima wamlipe mfanyakazi wake.

"Yule mwanaume," akasema taratibu, "alinilipa kwa mikono ya wengine. Na leo ananiambia hakunilipa."

Kisha, ghafla, akaanza kucheka. Fadhila akaogopa.

"Mama, uko muzima?"

"Minye muzima kabisa. Ameniambia niombe wakulima karatasi. Alikuwa anacheka minye. Lakini Fadhila, anayemjua mnunuzi ni nani? Ni yule anayekaa kwenye kiti, ama ni yule anayeuza?"

Alhamisi ilikuwa siku ya soko Luvungi. Mama Ciza alipanda nyuma ya pikipiki ya Patient, jirani yake anayebeba abiria, daftari la mistari chini ya kitenge na kidau cha wino wa muhuri alichoazimwa na Fadhila kimefungwa kwa nailoni tatu. Wakapita Kiliba, wakapita Sange, vumbi la kiangazi likawapaka unga. Kila kilomita Mama Ciza alimpiga Patient begani.

"Kimbia, tutakuta wamefunga!"

"Mama, hii moto iko pikipiki tu, haina mabawa."

"Basi usisalimie kila muntu barabarani!"

Nyirabahizi ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa mama mrefu, mkubwa wa wauza maharage wa Luvungi, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe upande wa pili wa bonde kabla hajashuka kutoka milimani.

"Ee! Mama Ciza! Tulisikia umekufa!"

"Nani aliwaambia?"

"Yule kijana wa shati. Tulimwuliza uko wapi, akasema umekwenda. Sisi tukalia, tukakupigia hata wimbo mmoja."

"Mmoja tu? Miaka kumi na minne, wimbo mmoja?"

"Maharagi yalikuwa yanangoja, mama!"

Soko zima likacheka. Walimkalisha juu ya gunia, wakampa maji, wakamsikiliza. Alipoeleza kazi anayoomba na karatasi anayotaka, wakaanza kuulizana.

"Sisi ni bantu wa kuandika karatasi?" akauliza mwanamke mmoja.

"Minye nitaandika. Ninyi mutasema na kutia kidole."

Hapo ndipo fujo ilipoanza, kwa sababu kila mmoja alitaka neno lake liingie. Mama Ciza aliandika kwa herufi kubwa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, jasho likidondoka kwenye mistari.

"Andika kwamba hakuwahi kutuibia kipimo!"

"Andika kwamba anajua maharagi kuliko sisi tulioyapanda!"

"Andika kwamba ana mdomo!"

"Hiyo siandiki."

"Andika! Wakija kujua baadaye watasema tuliwadanganya!"

"Andika ile ya mvua," akasema Nyirabahizi. "Mwaka ule wa mvua nyingi nilihesabu vibaya, nikamwuzia magunia tisa nikidhani ni manane. Lori limeshaondoka. Huyu akagundua Sange, akashuka, akarudi kwa miguu kuniambia. Kwa miguu, na matope mpaka hapa. Andika hiyo, na minye nitatia vidole viwili."

"Kimoja kinatosha, dada."

Kabla hawajatia vidole, Mama Ciza akaona si haki kuwaficha. Akawaambia kwamba akipata kazi hii, kapu lake halitakuja tena sokoni. Kila konzi ya nyongeza itaingia kwenye gunia la watoto, itapimwa, itaandikwa.

Loo! Usingedhani ni wanawake wale wale.

"Nyongeza ya muntu inaandikwa?"

"Nyongeza haikuumbwa kujaza gunia!" akafoka Nyirabahizi. "Nyongeza iko ya kumwambia muntu arudi!"

"Na ninyi mulinirudisha kila wiki, Mungu anajua," akajibu Mama Ciza. "Lakini niambie, dada. Nani alikuwa na nyongeza kubwa? Mwenye shamba kubwa. Na yule kijana wa shati, sasa ananunua kwa nani?"

Walijua. Tangu kijana wa shati aje, alinunua kwa watu watatu tu, wale waliokuwa wakimpakilia kapu mpaka kwenye gari. Wajane walikuwa wakirudi nyumbani na maharage yao kichwani.

Mwanamke mmoja mdogo wa mwili, aliyekuwa amekaa pembeni na magigozi yake manne tu ya maharage mbele yake, akasimama. Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya daftari kwa nguvu zote kana kwamba anapanda mbegu. Kisha wa pili. Kisha wakasukumana. Vidole kumi na saba vikajaa ukurasa, kimoja kimepinda, kimoja kimetiwa juu chini, na vya Nyirabahizi viwili, kwa kuwa hakukubali kimoja.

Wakati wa kuondoka, Mama Ciza akiwa anaagana na wazee wa soko, Nyirabahizi alimvuta Patient nyuma ya kibanda, wakanong'onezana. Mama Ciza aliona lakini hakujali. Alikuwa akipepea daftari lake ili wino ukauke, akiimba.

Ijumaa, saa tano na nusu, Mama Ciza alifika ofisini. Ziwa lilipopanda liliimeza barabara ya chini, kwa hiyo shirika lilikuwa limehamia kwenye nyumba ya juu, na ngazi zake zilimmaliza pumzi. Fadhila alikuwa amechapa kila kitu na kutoa kopi mbili: moja ya kuacha, nyingine ya kupigwa muhuri kuonyesha imepokelewa. Alikuwa amemwambia Mama Ciza mara saba, "Bila muhuri, hukutoa kitu."

Aliyekuwa akipokea ni Bwana Alimasi, mkuu wa ugavi mwenyewe, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufumwa na miwani. Akafungua dosie. Akasoma barua. Akasoma CV, akatabasamu alipofika kwa paka. Kisha akafika kwenye vidole, akavua miwani, akavaa tena.

"Hii ndiyo karatasi yako ya kazi, Mama?"

"Ndiyo, Bwana. Aliyenituma kazi hakunijua. Hawa wananijua."

Bwana Alimasi akasoma mpaka mwisho, midomo ikitembea. Alisoma ya mvua mara mbili. Akanyoosha mkono kuchukua muhuri.

Na mlango ukafunguliwa. Patient akaingia na mfuko mzito begani, akautua mezani, puu! Maharage mapya yakamwagika juu ya karatasi.

"Aksanti Bosi," akasema Patient kwa furaha. "Hii iko nyongeza ya dosie. Mama za Luvungi wanakusalimia."

Bwana Alimasi akarudisha muhuri mahali pake, polepole sana.

"Mama," akasema, "unajua kazi unayoomba?"

"Najua."

"Basi unajua nikipokea mfuko huu, lazima nichane barua hii."

"Patient!" Mama Ciza akageuka. "Nani alikutuma?"

"Nyirabahizi. Alisema nisikuambie, kwa sababu weye una mdomo."

Simu ya Mama Ciza ilikuwa mkononi kabla Patient hajamaliza, akapiga Luvungi. Akaweka sauti ya nje ili Bwana Alimasi asikie kila neno, maana hakuwa na la kuficha.

"Nyirabahizi! Umefanya nini?"

"Imefika?" sauti ya Luvungi ikajaa chumba. "Bosi ameifurahia? Ni yale ya rangi nyekundu, yanaiva upesi!"

"Si tulikubaliana nyongeza inaingia gunia?"

"Nyongeza *yako* ndiyo inaingia gunia! Hiyo si yako. Iko ya Bosi! Hiyo hatukuizungumzia!"

Bwana Alimasi akakohoa kwenye ngumi yake. Haikuwa wazi kama ni kikohozi.

Mama Ciza akafumba macho. Alijua neno analotakiwa kusema, na alijua uzito wake. Kurudisha nyongeza ni kukata njia. Vidole kumi na saba vilikuwa mezani, na yeye alikuwa karibu kuwatukana wenye vidole. Na asiporudisha, hakutakuwa na dosie. Angalau angewaambia yeye mwenyewe, wala asiwaache walisikie kwa Patient.

"Dada yangu," akasema, "mfuko unarudi. Leo hii, kwa pikipiki hii hii, na nauli ni yangu. Haragi hata moja halibaki hapa, hata haya yaliyoanguka chini naokota. Ukikasirika, kasirika na minye, nitakuja kukuomba musamaha mbele ya soko. Lakini huyu bwana akila maharagi yako leo, kesho atanunua kwa nani? Kwa mwenye mfuko mkubwa zaidi. Na wewe unajua nani iko na mfuko mkubwa."

Upande ule palisikika tu kuku na watu wakisemezana kwa mbali. Mama Ciza alikuwa amepiga magoti, akiokota maharage chini ya meza moja moja, akiyarudisha kwenye mfuko, na hakutaka Bwana Alimasi amwone uso.

"Bosi," Nyirabahizi akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Uko unasikia?"

"Nasikia, Mama."

"Mfuko urudi. Hatujakasirika. Lakini niulize: ukirudisha maharagi, karatasi yetu utabaki nayo?"

Bwana Alimasi akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

"Kazi sitoi mimi peke yangu," akasema. "Kuna mtihani Jumatatu saa mbili, na kuna wengine kumi na wawili, wenye diploma. Nawaambia ukweli." Akakung'uta harage la mwisho kutoka juu ya barua, akampa Mama Ciza mkononi. "Lakini dosie hii imekamilika. Naipokea."

Akapiga muhuri kwenye kopi, akasaini, akaandika saa. Kisha akafungua kitabu cha waombaji.

"Jina?"

"Generose Mama Ciza."

"Kazi yako?"

Katika maisha yake yote watu walikuwa wamemwandikia kwenye karatasi *mke wa nyumbani* bila kumwuliza. Akanyanyuka, akajipangusa magoti.

"Mnunuzi," akasema.

Alisahau kwamba simu bado iko wazi. Vigelegele vilipuka kutoka Luvungi, vya wanawake kumi na sita na labda soko zima, vikapasua ile simu ndogo mpaka ikatetemeka juu ya meza. Milango ya ofisi ikafunguka kushoto na kulia, wahasibu na wapishi wakatoa vichwa kuuliza nani ameolewa. Patient, mfuko umerudi begani, akaanza kucheza pale pale ngazini. Bwana Alimasi alikuwa akisema, "Mama, tafadhali, hapa ni ofisini," lakini miwani yake ilikuwa imepandwa na ukungu. Na Mama Ciza, kopi yenye muhuri imebanwa kwapani, alikuwa akibonyeza kila kitufe cha simu ile kutafuta cha kuizima, akicheka, na hakukipata.